Tronsonezi haiwaki? Angalia nafasi ya bobini kabla ya kuvuta kamba mara mia



Leo ukurasa wetu hauzungumzi malaria wala maji ya kunywa. Unazungumza msumeno wa mota, ule tunaouita tronsonezi. Mtauliza: muganga wa dispanseri anajua nini juu ya mota? Najua vidonda vyake. Mambo ya vyombo nimeonyeshwa na fundi wa garaji, mzee mwenye subira, na nimefanya kwa mikono yangu mbele yake mpaka akaridhika. Yeye na mimi tumekubaliana jambo moja: vidonda vingi vya tronsonezi havianzi wakati mti unapoanguka. Vinaanza asubuhi, mashine imekataa kuwaka na mwenye mashine amekwisha kukasirika.

Mashine hizi ni nyingi kwetu. Nguzo za miti zinazozuia udongo ndani ya mashimo ya mgodi hukatwa kwa tronsonezi. Nyumba za mbao ambazo watu wa Goma walijenga kwa wingi juu ya mawe meusi, baada ya Nyiragongo kuteremsha moto wake mjini tarehe 17 Januari 2002, mbao zake zilitoka chini ya mnyororo huo huo. Hata chukudu, ile baiskeli yetu ya mti inayobeba magunia ya makala na viazi, mti wake unaangushwa kwanza. Tena baba wengi wanayo moja nyumbani, ya zamani, waliyonunua ikiwa imekwisha kutumika, na siku ya mapumziko wanakatia watu mikaratusi ili kuongeza kidogo juu ya mshahara. Si vibaya. Vibaya ni kufanya kazi hiyo na mashine isiyowaka sawasawa.

Angalia mambo yanavyokwenda. Mtu anavuta kamba mara tano, mara kumi, mara ishirini. Mkono umechoka, jasho linaingia machoni, watoto wanatazama, mwenye mti anauliza kazi inaanza lini. Sasa akili inapungua. Mmoja anamimina esanse ndani ya tundu la bujii, anavuta tena, na moto unamrukia usoni. Mwingine anainua mashine kwa mkono mmoja, anaiangusha chini huku akivuta kamba kwa mkono wa pili, bila breki. Hiyo ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu siku ambayo mashine itakubali kuwaka, itawaka ikiwa hewani, karibu na paja, na hakuna anayeishika vema. Watu wanaiita ufundi. Mimi naiita njia fupi ya kuja kushonwa.

Mwaka uliopita alinijia kijana mmoja, jirani wa kambi yetu, na jeraha katika paja la kushoto, refu kama kiganja. Alikuwa amevuta kamba tangu saa moja mpaka saa mbili na nusu. Alipopona, mashine yake ilipelekwa kwa fundi. Haikukosa kitu kikubwa: bobini ilikuwa imelegea visi na kusogea mbali na volani, unene wa kucha mbili. Kuirudisha kulichukua robo saa na kipande cha boksi la dawa. Kovu lake mtaliona akivaa kaputula.

Nafasi hiyo ni nini?

Tronsonezi haina betri. Umeme wake inajitengenezea yenyewe. Ukifungua kifuniko cha kamba ya kuwashia utaona gurudumu zito lenye mapezi ya kupepea hewa: hiyo ndiyo volani. Ndani ya ukingo wake kuna sumaku. Pembeni yake pamefungwa bobini, yaani kitu cheusi chenye nyuzi nyingi za shaba zilizozungushwa ndani, na miguu ya chuma inayoelekea volani. Kila sumaku inapopita mbele ya miguu hiyo, umeme unazaliwa ndani ya nyuzi. Ni jambo ambalo Mwingereza Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831: sumaku ikitembea karibu na waya, umeme unapita katika waya. Bobini inauongeza nguvu kufikia volti zaidi ya 10.000, nao unaruka kwenye bujii kama cheche na kuwasha esanse.

Kati ya sumaku na miguu ya bobini lazima pabaki nafasi ndogo. Kwa tronsonezi nyingi nafasi hiyo ni milimita 0,25 mpaka 0,30. Kama unacho kitabu cha mashine yako, fuata kitabu, si mimi.

Nafasi ikiwa kubwa, nguvu ya sumaku inapotea njiani. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalielewi. Mota ikikimbia, volani inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na cheche inaweza kutoka hata kama nafasi imezidi. Lakini ukivuta kamba kwa mkono, volani inazunguka polepole, umeme unakuwa dhaifu, cheche haitoki. Ndiyo maana utasikia mtu anasema: "Mashine yangu ni nzuri sana ikikwisha kuwaka, shida ni kuwaka tu." Amekwisha kuelezea ugonjwa bila kujua. Nafasi ikiwa ndogo mno, volani inakwaruza bobini na kuiharibu.

Nafasi inabadilikaje? Mashine inatikisika siku nzima na visi zinalegea. Tena kuna kutu. Hapa Goma mnajua mabati yetu yanavyokufa upesi: moshi wa volkano una salfa, ukikutana na mvua unakuwa maji makali yanayokula chuma. Tronsonezi iliyolala chini ya mabati yanayovuja itaota kutu kwenye sumaku na kwenye miguu ya bobini, na kutu hiyo inajaza nafasi tuliyoitaja.

Usiilaumu bobini kabla ya kuangalia haya

Kwanza toa bujii uitazame. Ikiwa imejaa masizi meusi na mafuta, ipanguse, na hakikisha nafasi ya ncha zake ni nusu milimita hivi. Goma iko juu, karibu meta 1.500 kutoka bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi: imepungua karibu sehemu moja katika sita. Mashine iliyopimwa karibiratere yake huko chini ikifika huku inakunywa esanse nyingi kuliko hewa iliyopo, na bujii inakuwa nyeusi. Huo si ugonjwa wa bobini.

Pili, uzi mwembamba unaotoka kwenye bobini kwenda kwenye kifungo cha kuzimia. Ukichubuka na kugusa mwili wa mashine, ni sawasawa na kwamba umeizima mwenyewe. Utavuta mpaka jioni.

Tatu, mahali uliposimama. Wenyeji wa Bulengo na wa upande wa Lac Vert wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala katika mabonde na mashimo. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa, haionekani, na nguvu yake ni zaidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mota inahitaji hewa ile ile unayoihitaji wewe. Mashine iliyowaka vizuri barabarani ikikataa katika shimo au bondeni asubuhi, na ukaona panya au ndege amekufa chini, usiifungue mashine. Usiiname. Panda juu mara moja, na uwaite wenzako wapande. Wengi wamekufa kwa kurudi kuchukua kitu.

Namna ya kuipima

Mashine iwe imepoa. Mimina esanse ndani ya bidoni yenye kifuniko, uiweke mbali na jiko la makala, na usiiweke kamwe katika chupa ya limonadi au ya maji. Ninyi akina mama, hili nalisema kwenu pia: mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Akikwisha kunywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mlete upesi, maana ubaya mkubwa wa esanse ni ikiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoipeleka huko.

Ng'oa kofia ya bujii na kuisogeza mbali. Hii ndiyo kanuni ya kwanza, kwa sababu utazungusha volani kwa mkono, na mashine yenye esanse kidogo iliyobaki inaweza kuwaka mikononi mwako. Kama unaweza, toa pia mnyororo na ubao wake. Mashine isiyo na mnyororo haijakata mtu.

Sasa kipimo. Mafundi wana ukanda maalum wa plastiki. Usipokuwa nao, chukua katoni nyembamba, ile ya boksi la vidonge au kadi ya mwaliko wa arusi. Utajuaje unene wake? Kata vipande kumi kutoka katoni ile ile, uvipange kimoja juu ya kingine, uvibane kwa vidole, na pima kwa rula ya mwanafunzi. Vikifika milimita 3, kila kimoja kina 0,3. Vikifika milimita 2 na nusu, kila kimoja kina 0,25. Vyote viwili vinafaa. Vikifika 4, tafuta katoni nyingine. Usitumie kipande cha bati au wembe: sumaku itakishika na kipimo kitakudanganya.

Fungua visi za kifuniko cha kamba, kwa kawaida nne, na uzipange juu ya kitambaa cheupe ili zisipotee katika mawe. Zungusha volani mpaka sumaku ziwe mbali na bobini. Sugua kutu polepole kwa karatasi ya msasa laini, kwenye sumaku na kwenye miguu ya bobini, kisha upanguse mavumbi. Usipige volani kwa nyundo. Chuma chake ni chepesi na kinapasuka, na volani iliyopasuka ikizunguka kasi inaruka vipande vipande.

Kabla ya kwenda mbele, shika volani kwa vidole uitikise juu na chini. Ikicheza, rulema zimechoka. Hapo hata ukipima vizuri namna gani, nafasi haitakaa. Funga mashine uipeleke kwa fundi.

Kama haichezi, legeza visi mbili za bobini, isukume bobini nyuma mbali na volani, na kaza visi moja kidogo tu ili isirudi. Zungusha volani polepole mpaka sumaku zifike mbele kabisa ya miguu ya bobini. Ingiza katoni katikati, ifunike miguu yote. Legeza ile visi. Utasikia "tak": sumaku imeivuta bobini yenyewe na kuibana juu ya katoni. Huna haja ya kusukuma. Sasa kaza visi zote mbili, zamu kwa zamu, mpaka ziwe imara. Usitumie nguvu zote za mkono, kwa maana zinaingia katika alumini na uzi wake ukikatika, robo saa yako inakuwa wiki.

Zungusha volani, katoni itatoka nayo. Ikitoka imechanika upande mmoja, mguu mmoja uko karibu kuliko mwingine: rudia. Kisha zungusha duara nzima mara tatu huku ukisikiliza. Ukisikia kukwaruza, rudia. Watu wenye haraka huacha jambo hili la kusikiliza, na ndilo linaloonyesha kama kazi imekwisha.

Tronsonezi za zamani sana, nyingi za miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, zina platini chini ya volani, yaani ncha mbili ndogo zinazofunguka na kufungika. Hizo zina nafasi yao nyingine, milimita 0,35 mpaka 0,40 zikiwa wazi, na katika baadhi yake bobini nayo imejificha huko chini. Kuitoa volani kunahitaji chombo cha kuvutia. Usiifanye nyumbani na bisibisi na hasira. Fundi anayeijua mashine hiyo bado yuko, muulize.

Na kuna mashine inayowaka asubuhi, inakufa baada ya nusu saa ikiwa moto, kisha inawaka tena ikipoa. Mara nyingi nyuzi za ndani ya bobini zimeungua na kukatika, zinagusana zikiwa baridi na kuachana zikiwa moto. Katoni haitibu hiyo. Nunua bobini nyingine, na hata mpya uipime namna ile ile.

Kutazama cheche, na kuwasha

Wengi wanapenda kuona cheche kwa macho. Inaruhusiwa, lakini fanya hivi: bujii iliyotolewa ivalishwe kofia yake, mwili wake wa chuma uguse chuma cha mashine mbali na tundu la bujii, na tundu lenyewe lizibwe kwa kitambaa kikavu. Kila ukivuta kamba na tundu likiwa wazi, mvuke wa esanse unatoka pale. Cheche na mvuke huo vikikutana, nyusi zako zinakwenda. Usishike bujii kwa vidole. Umeme wake hauui mtu mzima mwenye moyo mzima, lakini unaustua mkono, na mkono uliostuka huenda mahali usipotaka. Mtu aliyetiwa mashine ya moyo kifuani asikaribie kazi hii hata kidogo.

Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Rudisha kila kitu mahali pake, mnyororo mwisho.

Kuwasha ni chini, juu ya ardhi tambarare, na hapa kwetu penye mawe tafuta ubao wa kuilaza. Breki ya mnyororo ifungwe. Mkono wa kushoto unashika mpini wa mbele na kuukandamiza, kiatu cha kulia kinaingia katika mpini wa nyuma, mkono wa kulia unavuta. Hakuna mtu mbele wala pembeni, na watoto wawe upande wa pili wa parsele. Mashine iliyopimwa vizuri, yenye bujii safi na esanse mpya, haifai kukuomba zaidi ya kuvuta mara tano au sita. Ikizidi hapo, weka chini, kunywa maji, tafuta sababu.

Mnyororo ukiwa katika mbio zake kamili unapita meta 20 hivi kwa sekunde moja. Jicho halifumbi upesi hivyo. Majeraha mengi huwa upande wa kushoto, mguu au mkono, kwa sababu ndivyo tunavyoishika mashine.

Ikitokea, zima mashine kwanza. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu zote, na usikiondoe kila mara kutazama. Kikilowa weka kingine juu yake. Mlaze mtu chini. Usitie esanse, tumbaku, unga wa kahawa wala udongo: nitavitoa vyote kimoja kimoja na yeye atalia mara mbili. Damu ikiendelea kuruka ingawa unakandamiza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa karibu na mwili, si juu ya goti wala kiwiko, ukikaze kwa kuzungusha kijiti mpaka damu isimame, na usikilegeze njiani. Andika saa uliyokifunga, hata juu ya ngozi yake kwa kalamu. Mkimfikisha dispanseri, nionyesheni saa hiyo kwanza, kisha mniambie mwaka wa sindano yake ya mwisho ya pepopunda.